Uzi: Pikapu nyembamba (mini-hambaka) kwenye gitaa la solo, tusiziondoe kabla hatujazisikiliza

KambaYaTatu (Mwanza):

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome akitulia.

Wiki tatu zilizopita nilipeleka gitaa langu kwa fundi mmoja hapa mjini abadilishe jeki (tundu la kuchomekea kebo), ilikuwa inakatakata nikisogea. Nilipolifuata jioni nilikuta limefunguliwa lote. Pikapu mbili, vile vinasa-sauti vya chini ya nyuzi, ziko mezani, na kwenye mbao ameshachora mstari wa penseli mahali pa kuchonga. Akaniambia, "Kaka, hizi ndogo hazina nguvu. Nakuongezea tundu, nakuwekea kubwa kama za wenzako." Nia yake ilikuwa njema, ila moyo ulinidunda. Angeanza patasi nusu saa kabla sijafika, leo nisingekuwa na cha kuandika. Nilimwomba arudishe kila kitu kama kilivyokuwa, nikalipa jeki, nikaondoka. Ule mstari wa penseli bado uko chini ya pikapu.

Tangu siku hiyo nimeulizwa na wapiga gitaa wanne hapa Mwanza kama ni kweli hizi pikapu ni dhaifu. Ndiyo maana naandika.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Pikapu yenye koili moja ya waya (singo koili) inanasa mtikisiko wa nyuzi, lakini inanasa pia mngurumo wa umeme ulioko hewani: transfoma, taa, waya za ukutani. Hambaka ina koili mbili zilizokaa sambamba. Umeme unapita moja kinyume na mwenzake, na sumaku nazo zimeelekea kinyume. Sauti ya nyuzi ikiingia inajumlishwa, mngurumo ukiingia unafutana. Seth Lover wa Gibson aliombea hataza ya kwake mwaka 1955, na magitaa yenye pikapu hiyo yakaanza kutoka 1957. Mwaka huohuo wa 1957 kampuni mama ya Gibson ikainunua Epiphone, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 magitaa ya Epiphone yaliyokuwa yakitengenezwa kiwandani Kalamazoo, Marekani, yakaanza kufungwa hambaka nyembamba. Ndiyo hii tunayoiita mini.

Chukueni rula. Hambaka ya kawaida ina urefu wa milimita 70 hivi na upana wa 38. Mini ina urefu wa kama 67 na upana wa 29. Angalieni vizuri hapo: urefu umepungua kidogo sana, maana nyuzi ni zilezile sita na lazima zote zifikiwe. Kilichopungua ni upana. Na mimi nasema siri yote ya mini iko kwenye upana huo.

Tumieni mfano wa ziwa. Anayevuka kwenda Kamanga kwa feri hasikii viwimbi vidogo. Chombo ni kipana, kinakalia viwimbi kadhaa kwa pamoja, kimoja kikiinua kingine kinashusha, abiria amekaa tuli. Aliye kwenye mtumbwi anasikia kila kiwimbi. Pikapu nayo imekaa juu ya mawimbi ya uzi. Ikiwa pana, mawimbi mafupi, yale yanayoleta ncha ya sauti na ule mng'ao wa mwanzo wa noti, yanamalizana ndani yake. Ikiwa nyembamba, mengi yanapita yakiwa mazima.

Sababu ya pili ni waya. Koili nyembamba inabeba waya mchache. Ukipima ukinzani wa mini ya kawaida utapata kama kilo-omu 6 na nusu, wakati hambaka kubwa ya mtindo wa zamani inasoma 7 na nusu hadi 8 na kitu. Waya ukipungua, ule uzito wa koili dhidi ya masafa ya juu nao unapungua, na mahali pikapu inapong'aa zaidi panapanda juu. Kwa hiyo mnapata sauti iliyosimama katikati: ina kifua kuliko singo koili, ina uwazi kuliko hambaka kubwa, na haiungurumi.

Mahali tofauti inaposikika zaidi ni pikapu ya shingoni. Hapo ndipo hambaka kubwa inapochosha watu wa muziki wetu. Piga kodi ya C pale chini kwa pikapu ya shingoni ya hambaka kubwa, kinanda kikiwa kimeshaingia na besi inatembea: noti zako tatu zinageuka uji. Kwa mini, kila noti inabaki na mlango wake. Mpiga sebene anajua ninachosema. Mkono wa kulia unapokimbia, kila noti lazima isikike peke yake, la sivyo unasikika mchakacho tu.

Na huo udhaifu unaosemwa? Mwaka 1969 Gibson walitoa gitaa la Les Paul Deluxe. Walichukua hambaka hizi nyembamba wakazikalisha kwenye matundu yaliyokuwa ya pikapu za P-90 (singo koili za Gibson), na fremu zake zilikatwa kutoka kwenye vifuniko vya P-90. Pete Townshend wa The Who alizitumia jukwaani miaka ya 1970, na hakuna aliyewahi kusema bendi ile ilikuwa na sauti ndogo. Lakini wamiliki wengi wa Deluxe walizichonga waweke pikapu kubwa, na leo wanaozitafuta ambazo hazijachongwa ndio wanajua kilichopotea. Mbao ikishatoka haijazwi ikawa vile.

Nakaribisha michango. Mwenye mini yake aseme anaisikiaje.

SebeneNyakato:

Naweka kambi hapa. Mada za vyombo zinakuja kwa nadra sana.

Dongo_Igoma:

Mkuu KambaYaTatu, nimekusoma lakini nakupinga kidogo. Mimi nina hambaka kubwa na sina mpango wa kubadilisha. Sisi tunapiga gospo yenye distosheni, noti lazima ikae muda mrefu. Nilishika gitaa la mini la rafiki yangu mwaka jana, nikaona linakata mapema, halafu ilibidi nifungue volyumu ya ampu zaidi. Huo si udhaifu?

KambaYaTatu:

Kaka, kwa distosheni nzito nakubaliana na wewe. Hambaka kubwa inaisukuma ampu mapema na kule juu panalainika, ndicho mnachotaka. Mini inatoa umeme kidogo zaidi ya singo koili na pungufu ya kubwa. Hilo sitalipinga.

Ila hapo kwenye kufungua volyumu ya ampu tusiseme ni kasoro. Kitasa kimewekwa kizungushwe. Ukizungusha kidogo mini inafika, na inafika ikiwa na noti zake zote. Sauti iliyopotelea ndani ya pikapu hakuna kitasa cha kuirudisha. Ukiongeza masafa ya juu kwenye miksa unaongeza mchakacho wa piki na kelele za maiki za jirani, noti haikuwepo tangu mwanzo.

Na la kukata mapema, mkuu, uliliangalia umbali wa pikapu na nyuzi? Wengi wanaipandisha mini mpaka inakaribia kugusa, wakifikiri wataipata nguvu ya kubwa. Sumaku inaanza kuvuta uzi, noti inakufa.

Fizikia_Nyegezi:

Mfano wa feri na mtumbwi nimeupenda, nitauhamishia darasani kidato cha nne. Ngoja niutilie namba.

Gitaa la aina ya Les Paul lina uzi wa urefu wa kama milimita 628 kutoka nati (mwisho wa shingo, kichwani) hadi briji (zinapokalia nyuzi mwilini). Uzi mnene wa E ukiwa mtupu unatikisika mara 82 kwa sekunde, na wimbi lake la msingi lina urefu mara mbili ya uzi, yaani milimita 1,256 hivi. Juu ya wimbi hilo yamepanda mawimbi madogo, nusu yake, theluthi yake, robo yake, mpaka mbali sana.

Sasa hambaka kubwa inausoma uzi sehemu mbili zilizoachana kama milimita 18. Wimbi dogo ambalo nusu yake ni milimita 18, koili moja italikuta linapanda na ya pili italikuta linashuka. Zikijumlishwa ni sifuri. Wimbi hilo lina urefu wa milimita 36, kwa hiyo ni la 35 hivi kwenye mlolongo. Zidisha kwa 82: tuko karibu na hertz 2,900. Ndipo sikio la binadamu lilipo kali sana. Na jirani zake wa juu na wa chini nao wanapungua, hata kama hawajafutika.

Kwenye mini koili zimebanana zaidi, kwa hiyo shimo hilo linahamia juu, mahali ambapo spika ya gitaa yenyewe imeanza kuchoka. Hatujaliondoa shimo, tumelisogeza mahali lisipoumiza. Kwenye nyuzi nyembamba shimo liko juu sana kwa pikapu zote mbili, na ndiyo maana tofauti inasikika hasa kwenye nyuzi nene, kama mleta mada alivyosema kuhusu kodi za chini. Singo koili haina shimo hilo kwa sababu inasoma sehemu moja tu.

Mzee wa Ridhimu:

Vijana wangu, nimesoma nikakumbuka mbali. Mimi nilipiga gitaa la ridhimu bendi ya dansi miaka ya sabini, tukizunguka miji ya ziwa hili, Mwanza, Musoma, Bukoba. Siku hizo vyombo vilikuwa mali ya bendi. Mpiga gitaa uliingia na vidole vyako tu, gitaa ulilikuta na uliliacha.

Tulikuwa na magitaa matatu mbali na besi, na mara nyingi mawili yaliingia ampu moja. Hapakuwa na fundi wa kukutenganishia sauti. Ulijitenganisha mwenyewe: solo akae juu ya shingo kwa pikapu ya nyuma, mimi nikae chini kwa pikapu ya mbele, wa kati ajaze katikati. Tukikosea hapo, watu wanakaa chini, hawachezi.

Gitaa mojawapo lilikuwa na hizo pikapu nyembamba zenye kifuniko kinachong'aa na skrubu safu moja. Hatukujua jina lake, tuliliita "lile la safi." Mpiga solo akiumwa mimi ndiye nililishika, na siku hiyo nilikuwa nasikia hata makosa yangu madogo. Lilinifundisha kupiga kwa usafi. Ukigusa uzi vibaya linakusema mbele za watu. Gitaa la pikapu kubwa linakuficha, na mpiga gitaa kijana akifichwa miaka mingi mkono wake haukomai.

Kwa hiyo wewe uliyelikomboa gitaa lako kwenye patasi, umefanya vizuri sana.

KambaYaTatu:

Shikamoo mzee wetu. Nimesoma mara mbili. Hilo la "linakusema mbele za watu" nimelipata pia, wiki za kwanza nilidhani vidole vyangu vimeharibika.

Mzee wa Ridhimu:

Marahaba mwanangu. Havikuharibika, ulianza kuvisikia.

DadaKwaya:

Habari zenu ndugu zangu. Mimi si mpiga gitaa, nasimamia kwaya kanisani, lakini suala la mngurumo linanihusu moja kwa moja. Mpiga gitaa wetu ana gitaa la singo koili. Ibada ikifika kwenye sala ya kimya, unasikia "mmmmm" kutoka kwenye spika mpaka watu wanageuka. Tumebadilisha kebo mbili, bado. Je, akipata hii mini itaisha?

FundiVipaza_Makoroboi:

Dada yangu, nijibu kwa sababu hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kuna kelele mbili na zinatibiwa tofauti. Ya kwanza ni mngurumo mzito unaobadilika mpigaji akigeuka na gitaa lake, akielekea ukutani unazidi, akielekea mlangoni unapungua. Huo umeingia kupitia koili, ni ule umeme wetu wa hertz 50 na wajukuu zake. Mini itauondoa kama hambaka kubwa inavyouondoa, maana kazi hiyo inafanywa na koili mbili kupingana, haihitaji upana.

Ya pili ni kelele ya kukwaruza, "zzzz", inayonyamaza mpigaji akishika nyuzi. Hiyo inaingia kupitia waya za ndani zisizo na kinga, mwili wake ukishika nyuzi unaenda athi (waya wa ardhini) na kelele inatulia. Pikapu mpya haitasaidia. Tumbo la gitaa linahitaji kubandikwa foili ya shaba na kuunganishwa na athi.

Kisha kuna ya tatu ambayo si kelele, ni hatari, na nimeikuta kwenye kumbi nyingi hapa mjini. Mpiga gitaa akigusa maiki kwa midomo anapigwa shoti. Hapo soketi ya ampu haina athi au ampu na miksa zinakula umeme kutoka sehemu mbili tofauti. Dada, kama hilo lipo kwenu, simamisheni gitaa, mwiteni fundi umeme apime soketi kwanza. Msikate pini ya athi kwenye plagi ili kelele iishe. Watu wanafanya hivyo, na watu wanakufa.

Turudi kwenye mini. Nataka kuwaonya wanaonunua, kwa sababu si kila chenye umbo hilo ni kilekile. Ile ya Epiphone na Deluxe ina koili moja yenye skrubu sita za kurekebisha, koili ya pili ina kipande kimoja cha chuma, na sumaku moja imelala chini kati yao. Ya Gibson Firebird, gitaa lililotoka 1963, kwa nje inafanana lakini kifuniko hakina tundu hata moja, na ndani kila koili ina sumaku yake imesimama katikati. Ile inang'aa zaidi na ina ukali wake. Johnny Winter ndiye aliyeifanya watu waisikilize, na Neil Young ameifunga upande wa briji kwenye Les Paul yake nyeusi. Sasa sokoni kuna nyingi zinazouzwa kwa jina la Firebird, kumbe ni mini ya kawaida iliyofunikwa kifuniko kisicho na matundu.

Kitu kingine kinachoua mini ni kifuniko. Kikiwa cha nikeli-silva sauti inapita. Kikiwa cha shaba ya manjano (brass) ya bei rahisi iliyopakwa rangi ya kung'aa, umeme mdogo unazunguka ndani ya kifuniko chenyewe na kula masafa ya juu. Umenunua pikapu kwa ajili ya uwazi, kifuniko kinaufunga. Nimevua vifuniko vya namna hiyo kwa wateja wawili na wote walidhani nimebadilisha pikapu.

Dongo_Igoma:

Fundi, na kitasa cha volyumu? Mimi nimesikia mini inatumia ya kilo-omu 250 kama singo koili.

FundiVipaza_Makoroboi:

Anza na 500. Ukiweka 250 unaizima kidogo. Kwenye briji kama inakuchoma masikio unaweza kuteremka, hilo ni sikio lako. Na kebo, kaka. Kebo ya mita 9 ina mzigo kama mara tatu ya kebo ya mita 3, na mzigo huo unashusha mng'ao wa pikapu yoyote isiyotumia betri. Watu wanalaumu pikapu, kumbe kebo imezunguka jukwaa lote.

Nansio_Solo:

Wakuu nawasalimu kutoka Ukerewe. Nina gitaa la mini mbili nililouziwa na jamaa aliyehama. Pikapu ya shingoni peke yake nzuri sana, ya briji peke yake nzuri. Nikiweka swichi katikati zilie pamoja, sauti inakuwa nyembamba, haina tumbo, kama redio ndogo ndani ya ndoo. Nilikuwa karibu kuziuza. Nimekuta uzi huu nikasita. Tatizo ni nini?

FundiVipaza_Makoroboi:

Ndugu yangu wa Nansio, usiuze. Pikapu zako zinapingana. Moja inasukuma wakati nyingine inavuta, zikijumlishwa besi inafutana na unabaki na makapi ya juu. Bila shaka aliyekutangulia alibadilisha moja.

Hakiki hivi. Tafuta mita ya mshale, ya zamani, si ya namba. Iweke kipimo kidogo kabisa cha volti. Chomeka kebo kwenye gitaa, shika mita upande wa pili, volyumu na toni zote juu. Chagua pikapu ya shingoni, weka bisibisi ya chuma juu yake ikae, kisha inyanyue ghafla. Angalia mshale umerukia upande gani. Fanya hivyo kwa ya briji. Ikirukia upande mwingine, umepata jibu.

Tatizo la mini ni kwamba nyingi zina waya mmoja wa ndani na kinga ya nje iliyosukwa. Kwa pikapu ya waya mbili ungebadilishana waya ukamaliza. Hapa ukibadilishana, ile kinga na kifuniko vinageuka kuwa njia ya sauti na gitaa linapiga kelele ukiligusa. Dawa ni kugeuza sumaku ya pikapu moja. Yeyusha lehemu mbili za kifuniko, legeza skrubu za chini, telezesha sumaku, irudishe ikiwa ukingo uliokuwa kushoto uko kulia. Koili usiziguse hata kwa kucha, waya wake ni mwembamba kuliko unywele. Kama ndani kuna nta, ipashe moto kidogo sana, usilazimishe.

Nansio_Solo:

Mita ya mshale ipo kwa mzee mmoja anayetengeneza redio hapa sokoni. Mambo ya sumaku mkono wangu hautoshi. Nakuja Mwanza na meli.

OwadgiSolo (Kisumu):

Sasa wakuu, nawasoma kutoka ng'ambo ya ziwa. Niongeze la benga, muziki wetu wa Kiluo, kwa sababu hakuna aliyeligusa. D.O. Misiani, aliyetangaza Shirati Jazz mpaka huku kwetu, kwao kulikuwa upande wenu, Shirati, mkoa wa Mara. Gitaa la benga limejifunza kutoka nyatiti, kinubi cha Kiluo, na nyatiti ina nyuzi nane zinazodonolewa kwa vidole, kila noti inakatwa mapema ili inayofuata iingie. Hatutafuti noti ikae muda mrefu. Tunatafuta noti ianze kwa ukali na iondoke.

Kwa hiyo bro wa Igoma akisema mini inakata mapema, kwetu hiyo ni sifa. Mimi napiga mini ya briji, toni nimeteremsha kidogo, piki ngumu. Besi ya benga iko mbele sana, inapiga kama mtu anabisha hodi. Gitaa likiwa na kifua kikubwa linagombana nayo na wote wawili mnapotea.

KambaYaTatu:

Wakuu, Jumamosi tulikutana watu watano kwenye chumba chetu cha mazoezi, tukaleta magitaa matatu: la hambaka kubwa la Dongo_Igoma, la singo koili la yule kijana wa kwaya ya dada yetu, na langu. Nyuzi mpya zote za namba 10, kebo moja ya mita 3, ampu moja, vitasa havikuguswa isipokuwa volyumu ili tulingane. Mmoja alipiga, wanne tuligeukia ukutani.

Nasema tulichosikia, kila mmoja apime mwenyewe. Kwenye briji, singo koili na mini zilituchanganya mara mbili tukakosea. Kwenye shingo hakuna aliyekosea hata mara moja. Hambaka kubwa ilikuwa tamu kwa noti moja moja za taratibu, tamu sana, na sitamnyima sifa hiyo. Ilipofika kodi za ridhimu pale freti ya tatu na ya tano, ikajaa. Mini ilibaki na mafuta kidogo chini na noti zikiwa zimeachana. Kisha tukawasha ile taa ndefu ya chumba ambayo inajulikana kwa kelele. Singo koili ikaunguruma, mbili nyingine zikanyamaza.

Nilichojifunza zaidi siku hiyo ni kimo cha pikapu, yaani umbali wake na nyuzi. Zangu nilikuwa nimezipandisha mno. Tulibonyeza freti ya mwisho tukapima kwa rula kutoka kwenye uzi: shingoni tuliacha milimita 3, kwenye briji 2. Shingo ikafunguka papo hapo. Halafu zile skrubu sita ni kazi ya dakika tano ambayo karibu hakuna anayeifanya. Uzi wa pili ulikuwa unaruka juu ya wenzake siku zote, nikadhani ni mkono wangu. Nikaizamisha skrubu yake nusu mzunguko, ukakaa kwenye mstari.

Na unyevu wa huku ziwani jamani, futeni skrubu hizo na kitambaa kikavu baada ya kupiga. Jasho likichanganyika na hewa hii, kutu inaanza kwenye kichwa cha skrubu, na siku ukitaka kuirekebisha haizunguki.

Dongo_Igoma:

Nathibitisha, nilikuwepo. Hambaka yangu siiachi kwa gospo. Ila nimemwomba KambaYaTatu aniazime lake kwa kurekodi ridhimu mwezi ujao, na amekubali.

DadaKwaya:

Nasi tumepima soketi. Ya upande wa madhabahu haikuwa na athi kabisa. Fundi umeme ameirekebisha jana. Asante sana fundi wa Makoroboi, ungejua jinsi watoto wa kwaya wanavyoshika zile maiki. Mngurumo bado upo kidogo, akipata hela atabadilisha pikapu.

Nansio_Solo:

Mrejesho wakuu. Nilifika Makoroboi asubuhi. Mshale uliruka kulia kwa shingo, kushoto kwa briji, kama alivyosema. Fundi akafungua ya briji, akaniita nione sumaku, kipande cheusi si kikubwa kuliko kiberiti kilicholala. Akaigeuza, akafunga, akalehemu kifuniko, akanipa gitaa nikiwa nimesimama pale pale nje ya duka.

Nikaweka swichi katikati. Tumbo limerudi, na bado zile noti zimeachana. Mpita njia mmoja aliweka chini ndoo yake ya sato akasikiliza mpaka nikamaliza. Niko kwenye meli sasa, gitaa nimelipakata, sijaliweka kwenye mizigo.